Kamati za bunge zikilala kiangazi: hesabu ya Colorado

Bunge la jimbo la Colorado, Marekani, lina watu 100: maseneta 35 na wabunge 65. Hukutana Denver siku 120 kwa mwaka, kuanzia Januari hadi mwanzoni mwa Mei, kisha kila mmoja hurudi kwao. Kati ya Mei na Desemba kuna kamati zinazoendelea na kazi: za maji na kilimo, moto wa misituni, barabara, wagonjwa wa akili walioko magerezani. Hapa tuziite kamati za mapumziko. Msomaji wa Dodoma asizichanganye na kamati zinazoketi kabla ya kila mkutano wa Bunge kuchambua miswada iliyokwisha wasilishwa. Kamati hizi za Denver hukutana wakati hakuna muswada wowote mezani, na kazi yao kubwa ni kuizaa hiyo miswada.

Mwaka 2025 jimbo lilijikuta na pengo la bajeti la takriban dola bilioni 1.2. Miongoni mwa hatua za kubana matumizi ulikuwamo muswada SB25-199, uliosimamisha shughuli za kamati za mapumziko kwa kiangazi hicho. Halikuwa jambo geni. Mwaka 2020, corona ilipotoboa bajeti, kamati hizo zilisimamishwa vilevile. Kwa hiyo uzoefu wa namna ya kuzisimamisha upo, na makosa yanayojirudia yanajulikana. Yafuatayo ni kwa mtu atakayekabidhiwa kazi hiyo, awe karani wa bunge, mchambuzi wa bajeti au mwanaharakati anayetaka kujua kama anadanganywa.

Anza na hesabu, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hukosea. Mtu akisikia "kamati" anaona posho. Basi tuipime posho. Chukua kamati ya watu 10 inayokutana mara 6, na posho ya dola 100 kwa siku ili hesabu iwe nyepesi. Hiyo ni dola 6,000. Sasa tuseme watatu kati yao wanatoka mbali, mathalani Grand Junction, upande wa magharibi wa milima, kiasi cha maili 245 kutoka Denver. Kwenda na kurudi ni maili 490. Kiwango cha shirikisho cha fidia ya maili mwaka 2025 kilikuwa senti 70, na Colorado hulipa asilimia 90 yake kwa gari la kawaida, yaani senti 63. Safari moja inakula dola 308.70. Kwa watu watatu na mikutano sita ni dola 5,557. Ongeza chumba cha usiku mmoja kwa kila safari, tuseme dola 180, nayo ni dola 3,240. Jumla haijafika dola 15,000. Weka mafuta ya wanaotoka karibu na ziara moja ya basi kwenda kuona bwawa au msitu ulioungua, ikaribie dola 20,000.

Zidisha kwa kamati kumi upate dola 200,000. Pengo lilikuwa bilioni 1.2. Umeziba sehemu moja kati ya 6,000.

Hapo wengine hucheka na kusema zoezi zima ni la kujionyesha, kwamba kinyozi hajinyoi na leo ameamua kujipunguza ndevu mbele ya kamera. Hiyo ni nusu ya ukweli. Bunge linaloziambia idara zikate matumizi huku lenyewe likisafiri litapata shida kusikilizwa, na hiyo nayo ni sababu halali. Ila akiba yenyewe haiko kwenye posho. Iko kwenye saa za watumishi, na zaidi ya hapo iko kwenye miswada ambayo haitazaliwa.

Tazama siku moja ya kamati ilivyo. Wiki mbili kabla, watafiti wa sekretarieti ya bunge wanaandika waraka wa mada, wanawatafuta watoa maelezo na kupanga ratiba. Siku yenyewe, chumbani kuna mtafiti wa kuandika muhtasari, mwanasheria wa kujibu maswali, mtu wa kurekodi sauti, mlinzi wa mlango, na mtu wa kuwaunganisha wanaotoa maoni kwa intaneti. Mkutano wa nne au wa tano wanakamati wanataja miswada wanayoitaka. Kila ombi linakwenda kwa mwandishi wa sheria. Rasimu inarudi, inatoka tena, inarudi. Mkutano wa mwisho wanapiga kura, na iliyopita inapelekwa kwa Baraza la Sheria, chombo cha viongozi na wajumbe kutoka mabaraza yote mawili, la maseneta na la wabunge, kuhakikiwa kabla ya Januari.

Kadiria saa 60 za watafiti kwa kila mkutano, saa 40 za mwandishi kwa kila muswada na saa 15 za mchambuzi wa makisio ya gharama. Kamati yenye mikutano 6 na miswada 5 inakula saa 360, 200 na 75. Hizo ni saa 635. Mtumishi wa kudumu anahesabiwa saa 2,080 kwa mwaka, kwa hiyo kamati moja ni karibu theluthi ya mtu. Kamati kumi ni watu watatu.

Na hapa ndipo mtego wa kwanza. Watu hao watatu wameajiriwa. Ukisimamisha kamati na kuendelea kuwalipa, hujaokoa mshahara hata senti. Umewapa nafasi ya kufanya kazi nyingine, jambo ambalo lina faida yake, lakini si fedha. Ili saa zigeuke fedha lazima jambo moja kati ya haya litokee: nafasi iliyo wazi isijazwe, mtumishi wa mkataba wa msimu asiitwe, au saa za ziada zisilipwe. Makisio ya gharama yasiyosema ni lipi kati ya hayo litafanyika yaulizwe tena. Mara nyingi tarakimu ya "akiba ya watumishi" ni zile saa zilizozidishwa kwa mshahara, basi, na mshahara haujaguswa.

Halafu kuna miswada. Colorado inampa kila mbunge nafasi ya miswada mitano kwa mkutano mmoja wa bunge wa mwaka, na miswada ya kamati za mapumziko huhesabiwa nje ya mitano hiyo. Kamati kumi zenye miswada mitano kila moja zinaleta miswada 50 juu ya ile ya kawaida, na mingi inakuja na bei yake: mfuko mpya, ofisi mpya, mradi wa majaribio wa miaka mitatu. Katika mwaka wa njaa, huo ndio mzigo ambao wapanga bajeti wanataka kuukwepa. Hawasemi hivyo hadharani kwa sababu si vizuri kumwambia mwenzako kwamba wazo lake ni ghali hata kabla hajalifikiri, lakini ndivyo ilivyo. Ukitaka kujua kama kusimamisha kumesaidia, usitazame vocha za maili. Hesabu miswada yenye gharama iliyowasilishwa Januari inayofuata, ulinganishe na Januari iliyopita.

Sasa namna ya kufanya. Kwanza ni chanzo cha kila kamati. Baadhi huundwa na viongozi wa bunge kwa barua au azimio, na hizo zinasimama kwa barua vilevile. Nyingine zimeandikwa kwenye sheria, na sheria inasema kamati "itakutana" mara kadhaa na itatoa taarifa tarehe fulani. Spika hana uwezo wa kuifuta sheria kwa tangazo. Ndiyo maana Colorado ilipitisha muswada mzima badala ya kutuma barua pepe. Fungua kila kifungu, andika kwenye karatasi moja: kamati, kifungu kilichoiunda, inatakiwa ikutane mara ngapi, taarifa yake inakwenda kwa nani na lini, na inakoma lini.

Hiyo safu ya mwisho usiipite haraka. Kamati nyingi zina tarehe ya kufa iliyoandikwa ndani ya sheria yake. Kamati iliyopewa miaka mitano ukiilaza mwaka mmoja imebakiwa na minne, isipokuwa muswada wako uisogeze tarehe. Ikiwa mwaka unaoulaza ndio wa mwisho, hujaisimamisha, umeizika. Wapo wanaolifanya hili kwa makusudi, na wapo wanaogundua Septemba.

Pili ni tarehe ya kuanza kutumika. Katiba ya Colorado inawapa wananchi siku 90 baada ya bunge kufunga ili wakusanye saini za kupinga sheria mpya, na kwa hiyo muswada wa kawaida hauanzi kazi hadi siku hizo ziishe. Bunge la 2025 lilifunga Mei 7, kwa hiyo siku 90 zinaangukia mwanzoni mwa Agosti. Muswada wa kusimamisha kamati za kiangazi unaoanza kazi Agosti unafika wakati kamati zimekwisha kutana mara mbili au tatu. Dawa yake ni kifungu cha dharura, kile kinachosema sheria inahitajika mara moja kwa usalama wa umma. Ukikiweka, sheria inaanza gavana akisaini. Ni sentensi moja mwishoni mwa muswada. Ikikosekana, mingine yote ni kazi bure.

Tatu ni mwaka wa fedha, unaoanza Julai 1. Mkutano wa kamati uliosimamishwa Juni unaokoa fedha za mwaka unaokwisha, ambazo pengine hazina tatizo. Wa Agosti unaokoa za mwaka mpya. Na ukate kwenye kasma halisi, yaani fungu lenyewe la bajeti. Bunge la Colorado lina muswada wake wa matumizi, tofauti na muswada mkubwa wa bajeti ya jimbo. Ukisimamisha kamati bila kupunguza kiasi katika muswada huo, fedha zinabaki kwenye akaunti ya bunge mpaka mwisho wa mwaka, na mpanga bajeti hawezi kuziweka kwenye hesabu zake leo. Zimeokolewa, lakini hazionekani.

Nne, na hapa tukae kidogo: zipo kamati ambazo hazilazwi kamwe, na si zote zinazojulikana na watu.

Ya kwanza ni Kamati ya Pamoja ya Bajeti, watu sita, ambao hukutana karibu mwaka mzima. Bunge likiwa limefunga na idara ikapata dharura, mfano idadi ya wafungwa kuzidi makisio au mfumo wa kompyuta kuanguka, kuna utaratibu wa nyongeza za dharura ambao watumishi wa bajeti huuita kwa namba tu, "1331", kutokana na muswada wa mwaka 1998 uliouleta. Idara inaomba, kamati inakubali kwa muda, bunge linahalalisha Januari. Bila kamati hiyo, kila dharura ingedai bunge zima liitwe. Novemba ndiyo inapopokea bajeti ya gavana, na makisio ya mapato yanafika Juni, Septemba na Desemba. Hakuna wa kuipumzisha.

Ya pili ni Kamati ya Ukaguzi, wajumbe wanane, wanne kutoka kila chama. Taarifa za mkaguzi wa jimbo hutolewa hadharani kupitia kwayo. Ukiilaza, taarifa zinasubiri kabatini, na mwaka wa kubana matumizi ndio mwaka unaozihitaji zaidi.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika: Kamati ya Huduma za Kisheria. Kazi yake kavu kweli. Idara za serikali hutunga kanuni mwaka mzima, kanuni za leseni za wauguzi, uchimbaji, maziwa, shule. Colorado imeweka kwamba kanuni zote zilizopitishwa kuanzia Novemba 1 hadi Oktoba 31 zinakufa zenyewe Mei 15 inayofuata, isipokuwa bunge lipitishe muswada wa kuzirefusha. Wanasheria wa bunge husoma kila kanuni katika kiangazi na vuli, wakitafuta ile iliyovuka mamlaka ya sheria mama. Wakiikuta, idara inaitwa mbele ya kamati ijitetee, na kamati inaamua irefushwe au iachwe ife. Sasa ilaze kamati hiyo, useme itamaliza Januari. Mapitio ya miezi mingi yanabanwa kwenye wiki chache ambazo wanasheria walewale wanaandika miswada ya maseneta na wabunge wote 100. Lolote kati ya mawili linatokea: kanuni mbovu zinarefushwa bila kusomwa, au nzuri zinadondoka. Anayeandika orodha ya kamati za kusimamishwa kwa kutafuta neno "kamati" katika sheria, bila kusoma kila moja inafanya nini, ataifuta hii pamoja na zile za ziara.

Kwa upande mwingine, zipo zinazoweza kulala bila mtu kuumia: kamati iliyokwisha toa mapendekezo yake na inakutana kwa mazoea, kamati inayosikiliza taarifa zilezile ambazo idara itazitoa tena Januari mbele ya kamati za kisekta, kamati iliyoundwa kumfariji mbunge ambaye muswada wake ulianguka. Kila bunge linazo.

Zipo pia za katikati, ambazo madhara yake hayaonekani hadi baadaye. Mbunge wa Colorado anaruhusiwa vipindi vinne vya miaka miwili, jumla miaka minane mfululizo, kisha anatoka. Ana viangazi vinane vya kujifunza. Mambo kama haki za maji ya mto hayajifunzwi katika siku 120 zenye miswada mia kadhaa. Hujifunzwa Agosti, ukiwa umesimama kwenye mfereji na mkulima akikuonyesha geti linalofungwa mwenye haki ya zamani akidai maji yake. Ondoa kiangazi kimoja, umeondoa moja ya nane ya shule yake.

Na kazi yenyewe haisimami. Inahama. Makampuni na vyama vyenye mawakala wa kulipwa Denver huendelea kuandika rasimu kiangazi chote na kuzipeleka kwa wabunge mmoja mmoja. Kinachotoweka ni kipaza sauti cha hadharani, tangazo la mkutano, rekodi ya sauti, karatasi ya majina ya wanaotaka kusema. Familia za wakimbizi kutoka Kongo na Burundi walioko Aurora, Denver na Greeley, ambao nao Kiswahili ni lugha yao, hawana wakala. Kwao kamati ya mapumziko ni mahali ambapo mtu anaweza kuzungumza dakika chache kwa intaneti baada ya zamu ya kazi, huku hakuna muswada unaopigiwa kura usiku huohuo. Ukiondoa hiyo, weka kitu: anuani ya kupokea maoni ya maandishi, na mtumishi mmoja mwenye jina wa kuyapanga. Gharama yake ni saa chache kwa wiki.

Vilevile vikosi kazi. Baadhi ya kamati zina kikosi cha wataalamu chini yake, madaktari, mawakili, polisi, wazazi wa wagonjwa, wengi wao wasiolipwa. Sheria inasema kikosi kinapeleka taarifa kwa kamati. Kamati ikilala, taarifa inakwenda wapi? Andika ndani ya muswada: kikosi kinaendelea au kinalala, na kama kinaendelea, taarifa inapokelewa na nani. Ukinyamaza, watu watakutana miezi sita na kuishia kumtumia barua pepe mwenyekiti wa kamati isiyoketi.

Mwaka 2025 ulionyesha jambo jingine. Kamati zikiwa zimelala, sheria ya kodi na matumizi ya serikali ya shirikisho ya Julai 4 ilitoboa bajeti ya Colorado upya, kwa kiasi cha dola milioni 783 katika mwaka uliokwisha kuanza. Gavana Jared Polis akaliita bunge kwa mkutano maalumu kuanzia Agosti 21, na ukafungwa Agosti 26. Katiba inataka muswada usomwe siku tofauti, kwa hiyo hata mkutano wa haraka sana hauwezi kupungua siku tatu. Watu 100 walirudi Denver pamoja na watumishi wote. Kusimamisha kamati hakukusababisha hilo, na kamati za maji na barabara zisingelizuia. Lakini aliyekuwa ameahidi kwamba kiangazi hicho bunge halitatumia chochote aliahidi asichokimiliki. Katika karatasi ya akiba, weka mstari wa mkutano maalumu hata kama unaandika sifuri, ili msomaji ajue ulilifikiria.

Kufungua tena kunahitaji maandalizi yake, na hapa watu huzembea kwa kuwa fedha zimekwisha hesabiwa. Ikifika Januari, uandike kalenda ya kiangazi kijacho kabla viongozi hawajaanza kugombea vyumba. Angalia viti: wajumbe walioondoka, waliohamia seneti, walioshindwa uchaguzi, kamati isiyokutana mwaka mzima huwa haina anayekumbuka nani aliteuliwa. Chukua maombi ya taarifa yaliyobaki njiani, uandikie idara husika ni yapi bado yanahitajika na yapi yafutwe, maana idara zitaendelea kuandaa taarifa ambazo hakuna atakayezisoma. Na mada za mkutano wa kwanza zisiwe zaidi ya mbili. Wenyeviti watataka kufidia mwaka mzima kwa siku moja, ratiba itafika kurasa tatu, na saa kumi jioni mjumbe wa Grand Junction atakuwa anatazama saa, ana maili 245 za mlima mbele yake.